Picha Zilizobaki Mkekani

Shemeji yangu Evariste Mushagalusa ni mpole kupita kiasi, na mimi watu wapole hunichosha. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani ninamsifu kwa kuwa ni wa nyumbani. Alimwoa dada yangu Sidonie mwaka 1993, tulipokuwa tumetoka Bukavu kuja kutafuta maisha Goma, na tangu siku hiyo sijamwona akigombana na mtu, hata pale ambapo kugombana kulikuwa haki yake kabisa. Kazi yake ni kupiga picha za sherehe. Palipo na harusi, ubatizo au komunyo, yupo, na shati lake jeupe na mkoba begani, akiwaomba watu wasogee kidogo. "Pardon mama. Pardon papa. Mwangaza iko huku."

Waliozaliwa na simu mkononi hawajui kazi ile ilivyokuwa. Mpiga picha wa zamani hakungoja kuagizwa. Alimpiga picha kila aliyemwona, kuanzia bibi arusi hadi mpika sombe, kisamvu chetu, kisha akamwomba Mungu. Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, Evariste alitandika mkeka kwenye uwanja wa parokia, juu ya mawe meusi ya volkano, akazipanga picha zote mstari kwa mstari. Watu wakitoka kanisani waliinama kujitafuta. Aliyejipenda alilipa akachukua. Asiyejipenda alikunja uso akapita.

Na watu walikuwa na sababu zao. Huyu amefumba macho. Yule ana wali mdomoni. Mwingine kitambaa cha kichwa kimeteleza. Mama mmoja alikataa picha nzuri kabisa kwa kuwa alisimama karibu na wifi yake, na wawili hao walikuwa wamegombana kati ya Jumamosi na Jumapili.

Mimi pia nilipita. Ilikuwa picha ya ubatizo wa mtoto wao wa kwanza, mwaka 1995. Nilivaa kitenge kipya, nimesukwa vizuri, na ninachokiona kwenye picha ni mwanamke aliyenyoosha kidole, mdomo wazi, anamkemea mtu wa kugawa vinywaji. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Shemeji, huyu si mie." Akasema aksanti, akaiweka kando. Ndivyo alivyo. Ukimtukana anakushukuru.

Zilizobaki mkekani alizirudisha nyumbani. Nyuma ya kila moja aliandika jina, sherehe na mwaka, kisha akaziweka kwenye katoni za sabuni, na katoni akazisukuma chini ya kitanda. Kitanda kilipojaa, zikahamia nyuma ya mlango. Sidonie aliziita "bageni", kwa sababu zilikaa bila kuaga. Evariste alikuwa na jibu moja tu: "Mutu hawezi kutupa sura ya mutu."

Januari ya 2002 mlima wa volkano ulipotapika moto ukashuka mjini, kila mtu alibeba alichoweza. Sidonie alibeba mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na sufuria kichwani. Mumewe alipata mkokoteni. Dada yangu alishukuru Mungu, akidhani godoro limepona. Walipofika upande wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, akafunua turubai, akakuta katoni sita za sabuni zenye picha za watu waliozikataa wenyewe. Godoro liliungua, cherehani iliungua, albamu ya harusi yao wenyewe iliungua. Kwa miaka mingi baadaye, dada yangu akitaka kushinda ugomvi wowote, hata wa chumvi, alisema tu, "Na godoro?" Na ugomvi uliishia hapo.

Kisha simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha. Mkeka ukakunjwa ukawekwa juu ya kabati. Evariste akabaki na kazi moja ya hakika, kazi ya vilio. Mtu akifa, familia humletea kitambulisho au picha ya simu, naye huikuza, huizungushia maua ya zambarau pembeni, huandika jina na mwaka, na chini yake saa na mahali pa kukutana. Mabango yake utayaona kwenye malango ya Goma nzima, na kwenye vioo vya magari yanayokwenda makaburini. Alizoea kazi hiyo hadi mkono wake ukawa unaifanya peke yake. Kumbuka jambo hilo.

Siku moja mjane alikuja mikono mitupu. Picha za mumewe zote ziliungua mwaka ule wa 2002, na marehemu hakupenda kupigwa tena. Evariste alimkalisha, akaenda nyuma ya mlango, akarudi baada ya nusu saa na picha ya mwaka 1997. Mume yupo kwenye harusi ya jirani, anatafuna nyama, shavu limevimba. Mwenyewe aliikataa mkekani kwa hasira. Mjane aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akasema, "Njo yeye. Alikulaka hivi." Ndiye hasa, hivi ndivyo alivyokuwa akila.

Usiku ule, kwa maneno ya dada yangu, Evariste hakulala. Alikuwa amegundua kitu ambacho mtu mwenye akili za haraka angekigundua miaka ishirini mapema. Picha nzuri za watu wa Goma, zile walizozilipia na kuzipanga ukutani, mlima ulizila. Zilizopona ni zile walizozikataa. Asubuhi alituambia, mimi na Sidonie, kwamba atatoa kitabu. Atakitoa mwenyewe, bila kungoja mtu wa Kinshasa wala mradi wa wazungu. Kitaitwa *Tulibaki Mkekani*.

Nilicheka. Sioni sababu ya kuficha. Nikamuuliza ni nani atakayenunua leo sura aliyoikataa jana.

"Njo kitu naogopa, shemeji," akasema. "Nimeona mukeka ikibaki na foto zangu miaka mingi. Lakini nilisemaka kama banakatala sura zao tu. Nikipanga kitabu pale, na ikibaki, nitajua kama ni mie banakatala."

Yaani safari hii atakayekataliwa ni yeye, si sura zao. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu yule, aliyesema aksanti kwa kila aliyekunja uso, alikuwa akihesabu.

Aliuza taa zake na kamera ya pili. Aubin, kijana wa Birere mwenye mashine ya kuchapa, alikubali kumfanyia kurasa jioni, baada ya wateja wa kawaida. Mimi ni katibu wa shule, kwa hiyo niliandika maneno ya chini ya kila picha na kuyasahihisha, maana tahajia ya Evariste inaumiza macho. Na Sidonie? Sidonie ni mshonaji. Alitazama kurasa za kwanza zilizokunjwa, akavuta uzi wake wa kushonea magunia, akasema hataki kuona kazi ya nyumba yake ikishikwa na pini za karatasi. Akashona vitabu mia mbili kwa mkono, kimoja kimoja, akilalamika juu ya godoro.

Lakini Evariste aliweka sharti lake mwenyewe. Hakuna aliye hai atakayeingia kitabuni bila kukubali. Walimkataa mara moja, alisema, na ni haki yao kumkataa mara ya pili. Kwa sharti hilo alitembea zaidi ya mwaka mzima, picha ndani ya bahasha, akiuliza baada ya misa, akipiga simu Beni na Butembo, akipanda pikipiki kwenda mitaa ambayo mimi sijaikanyaga.

Nilimsindikiza mara moja, Kanyaruchinya, kambi ya waliokimbia vita ilipokuwa bado ipo. Tulikuwa tunamtafuta Constant, mkulima wa Kibumba, aliyekuwa bwana arusi mwaka 1999. Tulimkuta amekaa mbele ya turubai lake, amekonda, anachonga mpini wa jembe lisilo na shamba. Kwenye picha ni kijana mnene, suti ya kuazima, sahani imejaa, mdomo umejaa zaidi, punje za wali kwenye tai. Alikuwa ameikataa kwa sababu ya wakwe. Aliitazama sana. Niliona aibu kwa niaba yetu sote, nikataka kumwambia Evariste tuondoke.

"Weka," Constant akasema. "Weka mukubwa. Bajue nami nilikulaka."

Kisha akacheka, na mke wake aliyekuwa ndani akatoka kuona kinachochekesha, naye akacheka.

Sasa nifike kwa Mama Marie-Louise Kavira. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa, lakini wewe wa mbali nitakueleza. Ni mama wa Butembo, mfanyabiashara wa kabichi na viazi, mwili mkubwa, sauti kubwa, nyumba ya lango la bluu kule Himbi. Akisema bei sokoni, bei inakuwa hiyo. Siku hizi hucheka kwa heshima, kiganja mdomoni. Lakini mwaka 1998, kwenye harusi ya mdogo wake, Evariste alimpiga picha akifungua chupa ya Fanta kwa meno. Kichwa kimerudi nyuma, povu linaruka, macho yamezama kwa kicheko, na watu watatu nyuma yake wanacheka kwa sababu yeye anacheka. Jumapili aliiona mkekani, akasema mwanamke mwenye akili hawezi kununua meno yake mwenyewe, akapita.

Evariste alimpigia simu kuomba ruhusa. Alisema ndiyo, afanye tu, yeye sasa ni mzee, haya imemwisha. Hakuomba hata kuiona. Basi picha ile ikawekwa kwenye jalada, kwa kuwa hakukuwa na nyingine ya kushindana nayo.

Ikabaki kutangaza. Siku ya uzinduzi ilikuwa Jumamosi, saa nane, kwenye ukumbi wa parokia. Evariste alitengeneza bango kwenye kompyuta yake. Mazoea yana tabu. Mkono wake ulifungua karatasi ileile uliyoizoea, ukaweka picha katikati, ukazungusha maua ya zambarau, ukaandika jina la mama yule kwa herufi kubwa na mwaka wa picha chini yake. Nilipewa maneno niyasahihishe. Nami, mjuaji wa tahajia, niliongeza kwa raha yangu, "Jamaa, marafiki na majirani, mnaalikwa." Jina la kitabu lilikaa chini kabisa, dogo. Niliangalia nukta na mikato, nikasema liko sawa. Watu watatu wazima, Evariste, Aubin na mimi, tulilitazama bango lile, na hakuna aliyeona kwamba tumemuua Mama Marie-Louise.

Mabango yalibandikwa Jumatano jioni. Alhamisi alfajiri Mama Marie-Louise alipanda lori kwenda Kibumba kufuata kabichi. Kufika saa tatu, soko lilikuwa limejaa habari. Wachuuzi wanaonunua kwake walifunga meza. Wanawake wa kwaya walikusanya unga na makaa, wakaenda Himbi na viti vya plastiki kichwani. Watoto wake walipiga simu ya mama, na huko juu mtandao haukuwepo, wakaanza kulia nao. Saa tisa lori likafika kwenye lango la bluu. Hema lilikuwa limesimama uani, moto umewashwa, na mama mmoja wa sokoni alikuwa ameshika kichwa akiomboleza. Marehemu akashuka kwenye lori.

Nasikia wawili walizimia. Nasikia mwingine alikimbia hadi barabarani akiacha viatu. Sikuwepo, na Mungu anisamehe, nasikitika sikuwepo.

Jioni ile kijana wake mkubwa, Sikuli, alifika kwa Evariste na bango lililochanwa. Hakukaa.

"Papa Evariste, mama anasema hivi. Kitabu isitoke."

"Aksanti, mwanangu," Evariste akasema.

Aksanti. Nilitamani kumpiga na kiti. Nilimwambia amlilie, amweleze, aseme ni kosa letu, ruhusa alishaitoa kwa mdomo wake. Akanijibu kwamba mtu aliyekubali anaweza kukataa, hilo ndilo sharti lake, na sharti halina maana kama linafanya kazi siku za raha tu. Akachukua wembe, akaketi mbele ya vitabu mia mbili, akaanza kukata nyuzi za jalada. Sidonie alimtazama akikata kitabu cha kwanza, kazi ya vidole vyake. Nikajua sasa litakuja lile neno la godoro. Halikuja. Dada yangu alimnyang'anya wembe, akauweka kwenye mfuko wa gauni lake.

"Enda kwanza ku Himbi," akamwambia. "Wewe mwenyewe. Na ubebe ile foto, ile ya kweli. Yule mama hajaionaka tangu ile siku. Akiiona na akikatala tena, mie mwenyewe nitakata nyuzi."

Ijumaa asubuhi tulikwenda Himbi, mimi na yeye. Nilikwenda kwa sababu maneno ya jamaa na marafiki yalikuwa yangu, na kosa ni la mwenye nalo. Viti vya plastiki vilikuwa bado uani, vimepangwa juu ya vingine. Mama Marie-Louise alitupokea barazani, amefunga kitenge kifuani, uso umefungwa pia. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Evariste alinitangulia.

"Mama, tulikuua. Tunakuja kuomba pardon."

"Mulinizika kabisa," akasema. "Hata mukanipikia."

Nikamweleza habari ya maua, kwamba ni mkono wa shemeji uliozoea vilio, na kwamba mimi nilitazama herufi tu. Alikuwa akimtazama Evariste.

"Unajua nini nilisikia?" akamuuliza. "Lori ilisimama inje. Nikasikia kilio mu kiwanja yangu. Nikasema, ni mutoto wangu gani alikufa? Nikasimama nyuma ya lango, nikasikiliza wanataja jina ya nani. Njo nasikia jina yangu."

Akakikaza kitenge kifuani. Mbwa wa jirani alibweka, akatulia.

"Yule mama wa vitunguu, mwenye tunagombanaka naye kila siku, njo alikuwa analia zaidi. Akasema, Kavira, nani tena atafungua chupa na meno? Akasema, nani atacheka mpaka Kibumba ijibu? Mie nilidhani batu balisahau ile mambo. Miaka makumi mbili na tano naweka mukono ku mdomo ili basahau. Hakuna mwenye alilia nyumba yangu. Hakuna mwenye alilia lori. Balilia meno."

Akanyoosha mkono. "Lete niione."

Evariste akatoa picha kwenye bahasha. Rangi zimeegemea wekundu kidogo, kona moja imeumwa na unyevu. Akaipokea, akaiweka mapajani, akainama. Nilimtazama usoni nikingoja aukunje, maana mimi ndiye ninayejua jinsi watu wanavyokunja nyuso. Alitazama kicheko chake cha ujana muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha bega lake moja likatikisika. Nikadhani analia. Mkono ulipanda kwenda mdomoni kwa mazoea, ukafika njiani, ukashuka. Na kile kicheko kikatoka, kichwa nyuma, meno yote nje, hadi Sikuli akatoka ndani kuuliza kuna nini, na hata mimi, niliyekuja kuomba msamaha, nikajikuta nacheka bila kujua ninacheka nini.

"Foto zangu zote ziliunguaka," akasema alipopumua. "Zile za kujipanga. Hii yenye nilikatala, njo imebaki." Akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Mabango musiyabandue. Batu bakuje ku kilio yangu. Nitakuwa pale."

Jumamosi saa saba na nusu Evariste alitandika mkeka wake mbele ya mlango wa ukumbi, mkeka uleule, na akavipanga vitabu mstari kwa mstari kama alivyopanga picha. Sidonie alikuwa ameshona upya kile kilichokatwa. Shemeji yangu alivaa shati jeupe. Saa nane kamili uwanja ulikuwa na watu wanne, na mmoja wao ni Aubin mchapaji. Nilimwona Evariste akiutazama mkeka. Nikamchukia kila mtu wa Goma.

Saa nane na robo wakaanza kuingia. Wale waliosikia kwamba Mama Marie-Louise amekufa walikuja kumlilia, maana habari ya kufa hukimbia na habari ya kupona huenda kwa miguu. Wale waliosikia kwamba amefufuka walikuja kumwona. Walikuja na nguo nyeusi, na unga, na mashada, na mtu wa ngoma. Kwaya ilikuja nusu ikiwa na wimbo wa huzuni, nusu ikiwa haijui iimbe nini. Uwanja ukajaa hadi ukutani.

Ndipo lori la kabichi likasimama mbele ya lango la parokia. Mama Marie-Louise alishuka taratibu, kitenge cha dhahabu, kilemba kama cha harusi, chupa ya Fanta mkononi. Watu wakafungua njia. Hakusalimu. Alitembea hadi kwenye mkeka, akageuka, akaiweka chupa mdomoni, na mwanamke yule wa miaka sitini na ushei akakifungua kizibo kwa meno, akakitema kwenye mawe. Uwanja mzima ukapiga kelele. Mama wa vitunguu alikaa chini akalia upya.

"Mutu haonake kilio yake," Mama Marie-Louise akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Mie niliona yangu. Nawaambia kitu nilipata pale. Sura yenye unakatala, njo ile batu batakulilia. Sasa muiname, mujitafute."

Akainama wa kwanza. Alichukua vitabu vitatu, kimoja chake, kimoja cha mama wa vitunguu, kimoja cha Sikuli.

Waliinama wote. Sijawahi kuona watu wakiinama vile hata kwenye misa. Walijitafuta kurasa kwa kurasa, wakaitana. "Kuja uone baba yako." "Huyu si Papa Baharanyi? Alikuwa na nywele?" Mjane yule wa picha ya nyama alisimama peke yake chini ya ukuta, kitabu kifuani. Constant hakuweza kufika, lakini mke wake alifika, akafungua ukurasa wa mumewe akauonyesha kwa kila aliyempita, hata wasiouliza, akisema huyu ni bwana wangu, oneni sahani ile. Kabla ya saa kumi hakukuwa na kitabu hata kimoja. Aubin alikuwa ameshaandika majina ya wanaotaka vingine kwenye mgongo wa bango lenye maua ya zambarau.

Evariste alibaki amesimama mbele ya mkeka mtupu. Tangu aanze kazi hakuwahi kuuona mtupu. Dada yangu alikwenda akasimama kando yake, akautazama naye, kisha akasema kitu kwa sauti ya chini. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alisema, "Godoro tungenunua ingine tu."

Machozi yalimtoka mume wake pale pale, mbele ya watu, na hakuyafuta. Nami nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kama vile mimi ndiye niliyebeba zile katoni.

Nikadhani imekwisha. Lakini Evariste alifungua mkoba, akatoa picha zenyewe, zile za asili zenye maandishi ya mkono nyuma, akazipanga tena mkekani. Kila mwenye sura yake na achukue, akasema, bila malipo, zimekaa ugenini vya kutosha. Wakainama mara ya pili. Wazee walichukua, watoto walichukua za wazazi wao, majirani walichukua za waliohama. Mstari ukafupika, ukafupika tena.

Ikabaki moja.

Nilisogea nione ni nani huyo asiyekuwa na mtu. Mwanamke, kitenge kipya, kidole kimenyooka, mdomo wazi. Niliandika maneno ya kila picha ya kitabu kile kwa mkono wangu, na hiyo sikuwahi kukutana nayo.

"Ya weye sikuweka mu kitabu," Evariste akasema nyuma yangu. "Bote niliwauliza. Weye nilikuogopa."

Niliangalia zaidi. Mgawaji vinywaji ninayemkemea haonekani vizuri, lakini nilimkumbuka. Alikuwa amewapita wazee wa kijijini kwetu, waliotoka mbali kwa ajili ya ubatizo ule, amewahudumia kwanza watu wa suti. Mama yangu amekaa nyuma yangu kwenye picha, mkono umeshika pindo la kitenge changu, ananivuta ninyamaze. Alifariki miaka mitano baadaye. Sikuwa na picha yake hata moja akinivuta.

Watu walikuwa wanatazama. Nikainama, magoti yakalia, nikaichukua.

"Shemeji," nikamwambia, "huyu njo mie."

Akasema aksanti, akakunja mkeka.